Daftari la Maziko na Dirisha la Ofisi: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Kigoma

Waheshimiwa,

Asalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo, na amahoro kwa wanaosalimiana hivyo. Kwa mlionizidi umri, shikamooni. Kwa mliobaki, ambao siku hizi ndio wengi, nasubiri yenu.

Nawaandikia ninyi mnaouongoza Mkoa wa Kigoma na Manispaa ya Kigoma-Ujiji, madiwani wetu, watendaji wa kata, na yeyote anayekaa upande wa pili wa dirisha ambalo sisi hupanga foleni mbele yake. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Ujiji, na ni katibu wa kamati ya maziko ya mtaa wetu. Ukatibu huo si cheo cha kumtisha mtu. Akifa mtu, mimi ndiye mwenye daftari. Naandika nani katoa shilingi ngapi, nani kaleta mchele, nani kaazimwa sufuria kubwa na kama imerudi na mfuniko wake. Kwa miaka kumi na moja nimejaza madaftari manne, na la tano nimefika katikati.

Naomba tulifungue hilo la tano, ukurasa wa msiba wa mwisho. Marehemu alikuwa mzee wa Kimanyema, fundi cherehani. Mstari wa kwanza ni mwanawe. Wa pili ni Mbwari anayeuza migebuka ya kukaanga. Wa tatu ni mama wa Kiha kutoka upande wa Heru, kaleta mkungu wa ndizi na hakutaka niuandike, nikauandika. Wa nne ni Mbembe. Wa tano ni mjukuu wa Mwarabu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wa sita ni Mnyamwezi aliyekuwa mfanyakazi wa reli, mstaafu kama mimi, kaja na kiti chake mwenyewe kwa sababu ya mgongo. Wa saba ni mzee aliyevuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa amebebwa mgongoni na mama yake. Huyo wa saba ndiye aliyeingia kaburini pamoja na mtoto wa marehemu kuupokea mwili.

Makabila hayo sikuyasoma daftarini. Nayajua kwa kuwa watu wenyewe nawajua. Daftari lina safu nne nilizozichora kwa rula: jina, nyumba, mchango, na alama ya vema kuonyesha kwamba mchango umefika. Safu ya kabila haimo, na kwa miaka yote hii hakuna mwanakamati aliyewahi kuniambia, "Mwalimu, hapo umesahau kitu."

Sasa niwapeleke dirishani.

Binti wa jirani yangu amemaliza kidato cha sita. Kazaliwa hapa, mama yake kazaliwa hapa, na bibi yake alikuwa akiuza mawese sokoni Ujiji tangu mimi navaa kaptura. Alikwenda kufuatilia kitambulisho cha taifa katika ofisi moja ambayo sitaitaja, maana nikiitaja mtadhani ugonjwa uko kwenye jengo hilo peke yake. Nilimsindikiza. Kijana wa dirishani alikuwa mpole. Hakufoka, hakudai chochote. Aliiangalia fomu, akamwangalia binti, akauliza, "Wewe kabila gani?"

"Mmanyema."

"Wamanyema si wako Kongo?"

Binti akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mimi niko hapa."

Akaulizwa babu mzaa baba alizaliwa wapi. Ujiji. Cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi? Babu huyo alizaliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, nyumba ya udongo, mkunga wa mtaani. Nilitamani kumuuliza yule kijana kama babu yake yeye, popote alikozaliwa, alikuwa na cheti. Maneno nikayameza, kwa sababu wenye shida tulikuwa sisi. Basi leteni mzee anayemfahamu babu, akasema. Tukaenda, tukarudi na mzee. Mzee naye akaulizwa kabila lake.

Hadi naandika barua hii, binti ameshakwenda mara nne. Hajakataliwa. Angekataliwa ingekuwa nafuu, kwani aliyekataliwa ana kitu cha kukikatia rufaa. Yeye anaambiwa aje wiki ijayo. Wenzake aliosoma nao, waliokwenda kujiandikisha kwa wajomba zao mikoa mingine, wanazo namba zao zamani. Bila namba hiyo, hata laini ya simu anatumia iliyosajiliwa kwa jina la shemeji yake.

Nilipokuwa nikifundisha uraia, kuna jambo nililisema kila mwaka kwa majivuno: kwamba sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho katika nchi hii kuwauliza watu kabila zao. Baada ya hapo zimepita sensa tano, za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na karani wa sensa ametuuliza umri, elimu, vyoo, hata idadi ya mbuzi, lakini kabila hakuuliza hata mara moja. Taifa liliamua kwamba hesabu hiyo halina kazi nayo. Sasa swali ambalo dola imelifuta kwenye dodoso lake yenyewe linaulizwa kwa mdomo hapa Kigoma, haliandikwi popote, na jibu lake ndilo linaloamua kama mtoto atahudumiwa leo au ataambiwa wiki ijayo.

Ningependa yule kijana ajue hao Wamanyema ni akina nani, maana inawezekana hakuna aliyemwambia. Katika karne ya 19 Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika ziwani, halafu ikavuka kwenda Manyema, mashariki mwa Kongo, kutafuta pembe za ndovu na watu. Burton na Speke walifika hapa mwaka 1858 wakaukuta mji una soko lake na mambo yake. Mwaka 1871 Stanley akamkuta Livingstone, na wageni wanaokuja hapa hupelekwa moja kwa moja kwenye mnara na miembe kuonyeshwa mahali Wazungu wawili waliposalimiana. Hao umati waliosimama pembeni wakiwatazama wakisalimiana ndio ninaowazungumzia.

Wengi wao hawakuja kwa kupenda. Nisipake rangi: mchanganyiko wa Ujiji haukuanza kwa watu kupendana. Ulianza kwa minyororo, kwa mizigo ya pembe, kwa wanawake walionunuliwa. Waliofika hapa walitoka makundi mengi ya ng'ambo, Wabangubangu, Wakusu, Wazimba na wengine, kila mmoja na lugha yake, wakabandikwa jina moja la kule walikotoka. Mwanzoni jina hilo lilikuwa jirani wa tusi. Wenyewe walifanya nini? Walikishika Kiswahili. Wengi wakasilimu. Wakavaa kanzu, wakajenga nyumba za pembe nne, wakajiita waungwana, wakaoana na Waha na Wabwari na wapagazi wa Kinyamwezi waliochoka kurudi kwao. Baada ya vizazi viwili vitatu, Mmanyema likawa jina la mtu wa mjini anayejiheshimu. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 wakapanda treni wakaenea nayo. Dar es Salaam kuna msikiti unaoitwa Manyema, na kule Bujumbura, ukiingia mtaa wa Buyenzi ukafumba macho ukasikiliza watu wanavyobishana, utadhani hujatoka Ujiji.

Watu hutuita mwisho wa reli. Kwa anayetoka Dar, sawa. Kwa anayetoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, hapa ndipo reli inapoanzia, na mji huu umejengwa na watu waliokuja kutoka pande zote mbili.

Kilichowaunganisha nimekifikiri sana, na jibu langu ni la kawaida mno. Kiswahili hapa hakikuwa lugha ya ukoo wa mtu. Kilikuja na msafara. Kikaanza kama lugha ya wenye bunduki na wenye mali, ni kweli, lakini mlango wake haukuwa na komeo. Mtumwa aliyekijua vizuri mwanawe hakuonekana tena kuwa mtumwa. Tungetakiwa sote tuwe Waha, au sote tuwe Wamanyema, tungechinjana.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Gordon Allport, alieleza kwamba kuwakutanisha tu watu wa makundi tofauti hakutoshi kuondoa chuki; huenda hata ikazidi. Alisema kukutana kunafaa pale watu wanapokutana wakiwa sawa, wakiwa na lengo moja, wakitegemeana kulifikia, na wenye mamlaka wakiunga mkono kukutana huko. Alikuwa akiwaza habari za weupe na weusi wa kwao, ziwa letu sidhani kama alilijua. Lakini twende Kibirizi, kwenye ufukwe wa wavuvi wetu, na mambo yake manne tukayapime.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Giza likirudi, watu watano au sita wanatoka. Taa zinawashwa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi za betri na sola. Dagaa wanaufuata mwanga, wanajikusanya chini yake wakizunguka kama watoto wanaocheza. Wavu uko chini yao, umetandikwa. Halafu inakuja ile dakika ambayo mimi, niliyekwenda mara mbili tu maishani na mara zote mbili nikatapika, sijaisahau: wavu unainuliwa pande zote kwa mpigo mmoja. Mmoja akichelewa, upande wake unalegea, na dagaa wanamiminika kurudi ziwani palepale, na wote chomboni wanaona ni upande wa nani. Hakuna anayesema Mbembe kalegeza, au Mrundi kalegeza. Anatukanwa yeye, kwa jina lake, na mama yake, kwa Kiswahili safi.

Asubuhi mwenye chombo anachukua chake, mafuta yanatolewa, kilichobaki wanagawana. Ufukweni akina mama wanaanika. Mvua ikitishia, anayewahi kuiona anakusanya dagaa wake na wa mwenzake, kisha wanagombana baadaye kuhusu nani kachanganya wakubwa na wadogo. Nimewasikia wakigombana miaka mingi. Ugomvi wao haujawahi kuhusu mtu katoka wapi.

Hesabuni wenyewe. Usawa upo, wavu haumjui mkubwa. Lengo moja lipo. Kutegemeana, ndiyo kazi yenyewe. Matatu tumeyatimiza bila semina na bila posho. La nne ndilo lenu. Na hapo ndipo mvuvi yuleyule, akipanda bodaboda saa nne asubuhi kwenda Mwanga, hapahapa mjini, kununua betri, anasimamishwa njiani na kuulizwa kabila kwa sababu kasema "ndagala" badala ya dagaa. Nilikuwa bodaboda ya nyuma, nikasubiri hadi alipoachiwa. Alichelewa saa mbili na nusu, na duka la betri alilikuta limefungwa kwa sala ya Ijumaa.

Najua mtakalosema, na nisipolisema mimi mtasema sikufikiri. Mkoa wetu unapakana na Burundi kwa nchi kavu na Kongo kwa maji. Vita vya huko vimemwagikia kwetu: 1972, 1993, 1996, 2015. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Kuna miaka mabasi ya Kasulu na Kibondo hayakuondoka bila askari wenye bunduki ndani, na mimi nimesafiri nayo nikiwa nimelala sakafuni kati ya magunia, mwalimu mzima. Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia, MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma na uwanja wa Lake Tanganyika ukageuka kituo cha mapokezi. Mzigo huo wengine waliuona kwenye televisheni, sisi tuliubeba. Kwa hiyo ofisa anayelinda mpaka ana kazi halali, na kuuliza ni sehemu ya kazi yake.

Tatizo langu ni swali analouliza. Kiha na Kirundi wanasikilizana; Mha wa Manyovu na Mrundi wa upande wa pili wanapatana bei sokoni bila mkalimani. Wabembe wako pande zote mbili za ziwa. Mipaka ilichorwa na Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, nao hawakuja kutuuliza nani shangazi yake amelala wapi. Sasa mgeni mwerevu aliyevuka jana usiku, akiulizwa kabila, atajibu kwamba yeye ni Mha, na lugha anayo. Atapita. Atakayekwama ni binti wa jirani yangu aliyesema kweli. Swali la kabila halimkamati mgeni, linamkamata mkweli.

Yapo maswali yanayomkamata mgeni. Ulisoma shule gani ya msingi, na mwalimu mkuu alikuwa nani? Balozi wenu wa nyumba kumi ni nani, na nyumba yake ina mlango wa rangi gani? Mlimzika nani mwaka juzi? Aliyefika jana hawezi kuyajibu hata akiwa Mha wa damu. Aliyezaliwa hapa atayajibu hata kama babu yake alitokea mwezini.

Na msiniambie kwamba nchi hii haina mkono wa kufanya jambo kubwa. Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu kule Tabora, na Katumba na Mishamo ambako sasa ni Katavi. Wakalima tumbaku na mahindi, wakalipa kodi, wakazaa, wakazika. Mwaka 2014 watu takriban 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia kwa tajnisi, jambo ambalo nchi tajiri nyingi zisingethubutu. Kuna kipande cha habari hiyo ambacho napenda kukirudia. Kabla yake ulikuwepo mpango wa kuwahamisha kutoka makazi yale na kuwatawanya mikoa mbalimbali, kwa hoja kwamba wakitawanyika ndipo watachanganyika na sisi. Mpango ule uliachwa. Wakapewa vyeti, wakabaki kwenye miembe yao waliyoipanda. Mimi nasema uamuzi huo wa kuwaacha ulikuwa na akili kuliko ule wa kuwatawanya. Watu hawachanganywi kwa lori. Mpe mtu karatasi inayomruhusu kusafiri, kukopa na kununua kiwanja, atachanganyika mwenyewe, kwa biashara kwanza, halafu kwa posa.

Majirani zetu wa Kenya nao walikuwa na Wamakonde wa Kwale, watu waliofika huko kufanya kazi za mashamba enzi za mkoloni, wakazaa watoto wasiokuwa raia wa popote. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao, na mwaka uliofuata wakatambuliwa. Sipendi sisi tungoje binti atembee hadi Dodoma.

Lakini nisijifanye mtakatifu kwa niaba ya Ujiji. Mama yangu alikuwa Mha wa Kasulu. Alipoolewa hapa, shangazi zangu walimcheka Kiswahili chake miaka mingi. Akisema neno, mmoja analirudia kwa sauti yake, wengine wanaangua kicheko. Walimwita mshamba wa milimani mbele ya wageni. Mama alifanya alichofanya yeyote anayetaka kuishi: alikiacha Kiha. Sisi watoto hakutufundisha hata kuhesabu. Shangazi haohao ndio waliomwuguza mwishoni, wakamwosha, wakamlilia wakapoteza sauti, kwa hiyo siwezi kusema hawakumpenda. Ila nilipokwenda Kasulu kumzika mjomba, ilibidi binamu anitafsirie maombolezo ya ndugu wa mama yangu mzazi. Nilisimama pale nikisubiri kuambiwa wanalia nini. Gharama hiyo haiko kwenye hesabu za mtu yeyote anayesifu umoja wetu, nami nilipokuwa nikifundisha sikuwahi kuitaja.

Hata leo zipo nyumba hapa mjini ambazo kijana akileta mchumba wa Kiha baba anaagiza uchunguzi, na zipo nyumba Kasulu ambazo neno Mmanyema linafunga mlango. Hilo ni letu, tutalimaliza sisi kwa sisi. Siwaombi mtuoze.

Lenu ni lile la wakati wa uchaguzi. Mnajua ninachosema. Mtu amekuwa mwalimu, au imamu, au mwenyekiti wa ushirika miaka ishirini; akichukua fomu, anakuwa Mkongo. Akishindwa anarudi kuwa Mtanzania na anaendelea kudaiwa ushuru kama kawaida. Vyama vyote vimeshaitumia silaha hiyo, na kila inapotumika, yule kijana wa dirishani anasikia kwamba jina Mmanyema ni jina la mashaka. Hakuzaliwa na swali lake, amelisikia jukwaani.

Ninayoyaomba hayahitaji bajeti. Swali la kabila liondoke kwenye madirisha yote ya mkoa huu, kwa waraka wenye sahihi, ili mwananchi akiulizwa aweze kuonyesha karatasi. Orodha ya vielelezo ibandikwe ukutani, na iwe ileile inayotumika Dar es Salaam na Moshi, ikiwa na maelezo ya kitu gani kinakubalika kwa mtu ambaye babu yake alizaliwa kabla ya vyeti: kiapo, barua ya serikali ya mtaa, cheti cha ubatizo, rejista ya shule. Rejista za shule hasa. Nimezijaza kwa mkono wangu, najua zilivyo, na zipo shule za hapa zenye majina ya wazee wa watu wanaoambiwa leo kwamba wazee wao hawajulikani. Halafu anayecheleweshwa apewe sababu kwa maandishi, na tarehe, na jina la aliyeandika. "Njoo wiki ijayo" si jibu la ofisi. Hata mimi nisiyelipwa, mtu akija kuniuliza kama mchango wake ulifika, namfungulia ukurasa.

Na kama mnaweza, na hili ni la pembeni, siku moja mje kwenye msiba wetu bila itifaki. Viti vya plastiki tunavyo.

Binti anarudi dirishani Jumatatu, mara ya tano. Nitakwenda naye, na kwapani nitakuwa na daftari la pili. Ukurasa wake mmoja ni wa msiba wa babu yake: nani alichimba, nani alitoa sanda, nani walikwenda usiku Katonga kumwita mwanawe atoke ziwani. Kuna majina arobaini na matatu, mengi yenye sahihi, mengine dole gumba. Walio hai kati yao ni wengi na wanaishi ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka ofisini. Sijui kama hicho ni kielelezo kinachopokelewa. Atakayekipokea nitaliandika jina lake, na atakayekirudisha pia, kila mmoja kwenye mstari wake, pamoja na saa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Katibu wa kamati ya maziko,
Ujiji, Kigoma.